Niachie Mraba Mmoja

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii niliikariri shuleni na kuiamini miaka mingi, hadi nilipozoea kukaa kwenye benchi la kinyozi mmoja pale Makadara, Nairobi, kila Jumamosi asubuhi. Methali inaweka mfumbaji huku na mfumbuaji kule, kisha inawashindanisha. Sisi tunaojaza fumbo la maneno, lile la miraba myeupe na myeusi, tunajua mchezo wetu umejengwa kwa namna nyingine: jibu langu la mlalo haliwezi kukaa bila kupita ndani ya jibu lako la wima. Herufi moja tunaimiliki wawili.

Nitoe mfano, maana siku hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mmoja wetu alikuwa ametunga fumbo la Kiswahili, akalichora kwenye karatasi ya daftari. Wima, herufi 7: "Chombo cha wavuvi chenye matengo." Msichana mmoja wa chuo, aliyelelewa Kericho, alikwama hapo. Mlalo, herufi 11: "Walikibeba makarani wa sensa ya 2019." Hapo akakwama mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenyeji wa Kilifi, ambaye Kiswahili chake nakionea wivu. Mzee akaandika NGALAWA taratibu, kwa herufi za kuchonga. Ile W ikaangukia mraba wa saba wa neno la mlalo. Msichana akaitazama, akajipiga gotini kwa kiganja: KISHIKWAMBI, yaani tableti! Mzee hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Akaomba alitamke tena, akaligeuzageuza mdomoni kama mtu anayeonja embe. Naye msichana akataka kujua matengo ni nini, na mzee akaeleza zile mbao mbili za pembeni zinazozuia ngalawa isipinduke, jinsi zinavyofungwa, na jinsi baba yake alivyokuwa akizikagua kabla ya kutia chombo majini. Fumbo likakaa kando nusu saa nzima. Hiyo nusu saa ndiyo ninayoifuata Makadara.

Tuna desturi moja benchini ambayo tumeitoa kwenye vitendawili. Anayejua jibu hanyanyui sauti. Anangoja aliyekwama ashindwe mwenyewe na kusema, "Haya, nakupa mji." Akishataja mji, mwenye jibu anaruhusiwa kusema, na mara nyingi anaanza kwa kuusafiri mji wenyewe: Lamu nimefika, wa Lamu wamenipokea. Hadi hapo mraba unabaki wazi. Wageni huona tunachelewesha mambo bure. Mimi naona kumwachia mwenzako mraba ni heshima kubwa, kwa sababu unamwambia kwamba unaamini atafika.

Ndiyo maana sipendi anayechomoa simu na kulitafuta jibu kwenye intaneti. Miraba inajaa, sawa, lakini anakuwa ametunyang'anya mazungumzo yaliyokuwa yakija. Kumuuliza jirani ni jambo jingine kabisa. Jirani hukupa neno pamoja na alikolipata.

Mchezo wenyewe hauna umri mkubwa sana. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ndiye aliyelichapisha fumbo la kwanza la aina hii katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ikatoa kitabu cha mafumbo hayo, kila nakala na penseli yake.

Ila mtu ninayemfikiria zaidi ni John Graham wa Uingereza, kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyetungia gazeti la Guardian tangu 1958. Alijiita Araucaria, jina la Kilatini la mti fulani. Alipoachana na mkewe alipoteza kazi ya ukasisi, na mafumbo yakawa riziki yake. Wafumbuaji walimjua kwa miongo mingi kupitia vidokezo tu: mizaha yake, ukorofi wake mtamu, namna anavyokupoteza njia kisha anakurudisha. Januari 2013, akiwa na miaka 91, alitoa fumbo lenye utangulizi mfupi uliosema kwamba Araucaria ana namba 18 ya namba 19, na anatibiwa kwa namba 13 na 15. Watu wakakaa na chai zao kama kawaida, wakaanza kujaza. Majibu yakatoka: saratani, umio, huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu.

Hebu fikiria asubuhi ile. Mtu yuko peke yake mezani, anajaza herufi moja baada ya nyingine, na habari ya ugonjwa wa rafiki yake inajiandika kwa mkono wake mwenyewe. Barua na kadi zikamiminika kwa mzee yule kutoka kwa watu ambao wengi hawakuwahi kumwona. Akafariki Novemba mwaka huohuo. Wapo watakaosema ni vibaya kutangaza maradhi kwa mchezo. Sikubaliani nao. Aliwaambia wenzake kwa lugha yao, na akawapa muda wa kuifikia habari kila mmoja kwa mwendo wake.

Natamani tuwe na watunzi wa namna hiyo kwa Kiswahili, maana lugha yetu ina raha zake kwenye miraba. Mfumbuaji wa Kiingereza akiona kidokezo cha wingi huweka S mwishoni. Sisi tunaanzia kichwani: je, ni WA, MI, VI au MA? Tena karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo ukingo wa kulia wa fumbo hujaa A, I na O, na mtunzi lazima ayapange maneno ya wima kwa akili nyingi. Kisha kuna ugomvi wetu mkubwa wa NG'. Msichana anashikilia kwamba ni sauti moja, basi mraba mmoja. Mzee anasema herufi ni herufi, kila moja na chumba chake. Mimi niko na mzee: N na G zikae mbalimbali, ritifaa, ile alama ya ('), isipewe mraba, la sivyo NG'OMBE haitakutana kamwe na GARI.

Mzee alihamia Voi mwaka jana, kwa mwanawe. Benchi lilipwaya. Sasa kila Jumamosi ninapiga picha ya fumbo na kumtumia, naye hunakili miraba kwenye daftari lake. Jumamosi iliyopita alipiga simu kabla hata kinyozi hajawasha mashine.

"Mwanangu, namba 14 wima nimekwisha kuipata, lakini sisemi. Yule binti ameifikia?"

Nikamtazama. Alikuwa ameinamia karatasi, penseli imetulia hewani.

"Bado, mzee."

"Hajatoa mji?"

"Hajatoa."

"Basi mwache. Nangoja."