Maharagi hayaivi kwa kelele za maji

Niseme wazi, sisi watu wa Goma, huku Kongo, tunachoma makala bure, yaani mkaa wa kupikia. Ingia nyumba yoyote saa kumi na moja ya jioni, utakuta mbabula, jiko letu la makala, imewaka kama volkano ya Nyiragongo, maharagi yanachemka mpaka kifuniko kinaruka, na bado mama anaongeza makala eti yaive mbio. Hayataiva mbio. Maji yakishachemka yamechemka, moto unaozidisha hauongezi hata digrii moja, unatoa mvuke tu, na ule mvuke ni franga zako zinapita dirishani.

Tena huku kwetu hata 100 hatufiki. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa haikandamizi maji kama kule pwani, kwa hiyo yanachemka kwenye digrii kama 95. Njo maana maharagi yanatutesa hivi.

Sasa moto wote ule unaenda wapi? Unavunja vifungo. Molekuli ya maji iko na oksijeni moja na haidrojeni mbili, na oksijeni ana choyo, anavutia elektroni, vile vichembe vya chaji hasi, kwake, basi upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo, haidrojeni zinabaki na chanya, halafu haidrojeni hiyo inaenda kushika oksijeni ya jirani. Kifungo cha haidrojeni ni hicho tu. Kimoja peke yake si kitu, kinakatika na kujifunga tena kabla hujapepesa jicho, lakini molekuli moja inaweza kushikana na majirani 4, na ndani ya sufuria hazihesabiki. Kupandisha lita 1 kutoka digrii 20 mpaka 95 inaomba kilojuli kama 315, kilojuli ni kipimo cha nishati. Kuigeuza yote mvuke, karibu 2,270. Mara saba! Angalia sulfidi ya haidrojeni, ile gesi ya harufu ya mayai yameoza: molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya maji, ila vifungo hivi kwake ni legevu sana, inachemka kwenye digrii 60 chini ya sifuri. Maji yangekuwa hivyo, ziwa tungelisikia wapi?

Shuleni tulikaririshwa, kemia upande wake, baiolojia upande wake, nilipata pointi nzuri na sikuelewa kitu. Nilielewa siku niliyokaa kuangalia kijana wa chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, akipandisha bidoni za maji kutoka ziwani, mgongo unang'aa jasho. Ubishi ule ule wa maji unaokula makala yetu njo unamwokoa: lita 1 ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na zaidi ya kilojuli 2,400, joto ambalo lingepandisha mwili wa kilo 70 karibu digrii 10. Lakini likauke pale pale kwenye ngozi, lile linalodondoka kwenye mawe ya volkano halikumsaidia kitu, na siku ya unyevu, mvua ikikaribia, utaona anavyohangaika.

Nikamweleza mama mukubwa haya yote, na kwa heshima, maana mbabula ni yake. Akaniangalia weee. Akatoa makala nusu, akafunika sufuria, ikabaki inachemka polepole. Maharagi yakaiva saa ile ile ya kila siku. Akaonja, akasema haya ni ya Rutshuru, yenyewe ni malaini tangu zamani.