Baiskeli za pamoja: zifungwe kituoni au ziachwe popote?

Paris ya juu huamka na baiskeli, na kufikia saa tatu asubuhi haina tena. Mkazi wa Belleville au Montmartre, mitaa ya mlimani, huchukua Vélib', baiskeli ya pamoja ya jiji hilo, kituoni, mteremko ukampeleka hadi kazini upande wa mto Seine, akaifunga huko chini. Jioni anarudi zake kwa metro. Huwezi kumlaumu: amelipia, ametumia, amerudisha panaporuhusiwa. Tatizo ni kwamba wenzake nao wamefanya hivyohivyo. Vituo vya mlimani vimebaki vyuma vitupu, na vya bondeni vimejaa kiasi kwamba anayechelewa anazunguka mitaa akitafuta pa kufungia.

Vélib' ilizinduliwa Julai 2007 na kampuni ya matangazo ya JCDecaux, ambayo kwa malipo yake ilipewa mabango ya jiji. Uanachama wa mwaka ulikuwa euro 29, na nusu saa ya kwanza ya kila safari ilikuwa bure. Mwaka uliofuata, baada ya kuona baiskeli hazipandi, wakaweka kivutio: ukirudisha kwenye kituo cha mlimani unaongezewa dakika 15. Kwenye karatasi wazo ni zuri. Lakini mtu ambaye safari yake ni dakika 20, na tayari ana nusu saa ya bure, dakika hizo za nyongeza atazipeleka wapi? Magari ya kuhamisha baiskeli yakaendelea na kazi yake. New York walijaribu njia nyingine kupitia mpango wa Bike Angels wa Citi Bike, mfumo wa baiskeli za pamoja wa jiji hilo: anayehamisha baiskeli kutoka kituo kilichojaa kwenda kilicho tupu hupata pointi zenye thamani, na wapo wanaozikusanya kama kibarua. Nadhani hiyo ni heshima zaidi kwa mtumiaji. Unataka nikutolee jasho mlimani? Nilipe.

Wanaopinga vituo husema matatizo yote haya tumejitakia. Toa vyuma, weka kufuli inayofunguka kwa simu, mtu aache baiskeli mlangoni pake. Hoja hii si ya kupuuza. Safari nyingi za mjini huharibikia kwenye kile kipande cha mwisho, kutoka stesheni ya treni hadi nyumbani, na kituo cha baiskeli kikiwa mbali unatembea tu. Nchini China kampuni za Ofo na Mobike zilikitatua kipande hicho kwa kasi ya ajabu kati ya 2015 na 2017: unaskani msimbo kwa simu, kufuli inaachia, unaondoka.

Kisha zikaanza kurundikana. Njia za waenda kwa miguu zikazibwa, mama mwenye kigari cha mtoto akashuka barabarani kupishana na magari, na Agosti 2017 Shanghai ikakataza kampuni kuongeza baiskeli mpya. Mwishoni mwa 2018 Ofo ikaishiwa pumzi, na watu zaidi ya milioni 10 wakajipanga mtandaoni kudai amana zao, wengi yuan 99 au 199 kila mmoja. Kwa hesabu yangu, uhuru wa kuacha popote haukufuta gharama ya kupanga baiskeli. Uliitoa kwa kampuni ukambebesha mpita njia, ambaye hata hajawahi kuipanda.

Kuna pia wanaosema shida ni watu wenyewe, kwamba cha umma hakitunzwi. Ushahidi wanao. Kufikia 2009, JCDecaux ilikuwa ikihesabu baiskeli za Vélib' zilizoibwa peke yake kwa maelfu. Lakini simama kidogo mbele ya kituo chochote cha Paris. Utaona kiti kimoja kimegeuzwa, ncha yake ikitazama nyuma. Wazoefu hawaigusi baiskeli hiyo: ni ishara kwamba ina pancha, au cheni imekatika, au breki hazishiki. Kampuni haikuwafundisha. Mtu aliyekwishapoteza dakika zake na baiskeli mbovu anatumia sekunde mbili kumwokoa asiyemjua. Ukiniuliza watu hutumiaje mali ya pamoja, nitakuambia wanafanya yote mawili, na anayeiba baiskeli kwa kawaida si yule anayeitumia kwenda kazini.

Umeme umebadilisha hesabu kidogo. Vélib' mpya ya 2018 ilikuja na baiskeli za kijani za kawaida na za buluu zenye mota. Mwanzo wake ulikuwa vurugu tupu, kwani vituo vingi vilikuwa havijaunganishwa na umeme na wanachama walichachamaa. Hata hivyo, mwenye ya buluu anaweza kurudi nayo Belleville bila kutweta.

Hapo ndipo nawaza Kigali, ambako kampuni ya GuraRide ilianza kukodisha baiskeli mwaka 2021. Mji ule ni vilima juu ya vilima, na kila kona kuna pikipiki ya kukupandisha kwa bei isiyoumiza. Mtu atashuka kwa baiskeli mpaka Nyabugogo, bondeni kwenye stendi ya mabasi, kisha jioni atapanda pikipiki. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Vituo ningevibakiza, kwa sababu njia za watembea kwa miguu za Kigali ni nadhifu na zinatumika kwelikweli, si mahali pa kumwaga vyuma. Ila fedha za kununulia baiskeli 1,000 za kawaida ningezigawa upya: ninunue chache zaidi, zote za umeme, na zinazobaki ziajiri watu wa kuzihamisha.