Mnunuzi wa Hadithi si Mtoto

Mtoto wa Kalenga, Iringa, akitaka kumsoma Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kama hadithi, si kama swali la mtihani, anayemfaa ni mtu wa Kagera. Mugyabuso Mulokozi alianza na tamthilia ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979, kisha katika miaka ya 1990 akawaandikia vijana riwaya zake za mianzi: Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Wengi wanamjua kama profesa, mshairi na mtafiti wa tenzi. Hizi za vijana alizitoa huku akila mshahara wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapo ndipo ninapotaka tubishane.

Wapo wanaosema ndivyo inavyotakiwa. Mwandishi wa watoto awe na kazi yake, hadithi aiandike jioni. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana. Vita vya Wahehe si habari ya kubuni mezani: kuna Lugalo, walikowashinda Wajerumani 17 Agosti 1891, kuna kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894, kuna Mkwawa kujipiga risasi mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Kumweleza kijana mambo hayo bila kuyalainisha kunataka muda wa kupekua nyaraka, na muda huo hakuna mchapishaji wetu anayeweza kuulipia. Tena mwenye mshahara hamwogopi mtu. Mswada ukikataliwa, watoto wake watakula vilevile.

Lakini kazi ya jioni huzaa vitabu vitatu, haizai waandishi. Tangu riwaya zile za mianzi, Nyanda zote hizi za Juu Kusini, kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, zina walimu wanaojua kusimulia, na wengi miswada yao imebaki kwenye madaftari. Ingia duka la vitabu Iringa mjini au Mwanjelwa, Mbeya, mwezi Januari: mzazi amebeba orodha ya shule, ananunua vya kiada na madaftari, anaondoka. Hadithi haimo kwenye orodha. Simlaumu, ada inamsubiri.

Kwa hiyo mnunuzi amekuwa ofisi. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa Wakanada, ulikuwa unanunua sehemu ya nakala zilizochapwa na kuzipeleka shuleni. Bila mpango ule, vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili visingechapwa kabisa. Hata hivyo, msomaji wa kwanza akiwa kamati, mwandishi hujifunza kuiandikia kamati. (Ukikuta hadithi ambayo mtoto mtukutu anaomba msamaha ukurasa wa mwisho, bila shaka unajua ilipita mikono ya nani.)

Kwa mwandishi wa vijana hali ni ngumu zaidi, na hili halisemwi vya kutosha. Mtoto anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na riwaya ya Kiswahili inabaki kuwa ile iliyoteuliwa kwa somo la fasihi, ya kuchambuliwa dhamira na wahusika. Mwandishi anampoteza msomaji wake umri uleule aliomkusudia. Hata Tuzo ya Burt, iliyokuja na fedha za Kanada kwa ajili ya vitabu vya vijana, ilitaka miswada ya Kiingereza.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, imejitahidi kuziba pengo hilo. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na baadaye hadithi za watoto nazo zikaingizwa. Mimi naiunga mkono, kwa sababu mwalimu wa Makete mwenye mswada sasa ana mahali pa kuupeleka bila kumjua mtu Dar es Salaam. Ila milioni 10 ni malipo ya kitabu kimoja kilichokwisha kuandikwa. Cha pili ataandika lini, na nani atasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wakati huo? Fedha ya mshindi wa tatu ingegawanywa, nusu apewe yeye, nusu imlipie mshindi mwingine wa mwaka uliopita likizo ya miezi michache, tungeanza kuona kitabu cha nne na cha tano kutoka kwa mtu mmoja.