Hizo nyota za SPSS mnazishangilia nini?

Juzi saa nne usiku mdogo wangu kanipigia simu anapiga kelele, "Dada imetoka! Ina nyota mbili!" Mi nikadhani kuna mtu kapandishwa cheo jeshini, kumbe ni sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo. Yuko mwaka wa mwisho wa masters, utafiti wake ni mafunzo kazini na ufanisi wa wafanyakazi (kama nusu ya masters za mji huu), dodoso kagawa kwa watu 384, maana 384 ndo namba ya kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, lile la kukwambia uhoji watu wangapi, na hakuna anayethubutu kuihoji, halafu data zote kampelekea jamaa wa steshenari, yule mwenye SPSS, ile programu ya takwimu, kwenye laptop, kalipa, karudishiwa majedwali.

Nikamwambia nitumie picha. r, ile namba ya ukubwa wa uhusiano (sifuri hakuna, 1 umekamilika), ni 0.14, na p, ile ya kupima kama ni bahati tu, ni 0.006, nyota mbili (p ikishuka chini ya 0.05 SPSS inakupa nyota moja, chini ya 0.01 mbili). Na chini yake mwenzangu keshaandika: kuna uhusiano mkubwa sana kati ya mafunzo na ufanisi, hivyo mafunzo huongeza ufanisi.

Mkubwa sana. 0.14. Jamani.

Zidisha 0.14 kwa yenyewe, unapata kama 0.02. Yaani katika kutofautiana kote kwa ufanisi wa hao watu, mafunzo yanaendana na asilimia 2 tu, zile 98 ziko huko kwingine, mshahara, bosi, foleni ya Mbagala, ndoa, sijui nini. Sasa nyota zimetoka wapi? Nyota hazipimi ukubwa wa uhusiano! Zinasema hivi tu, kama huko nje uhusiano ungekuwa sifuri kabisa, kuokota kwa bahati namba kubwa kiasi hiki ingekuwa nadra. Basi. Na hiyo nadra inategemea sana umehoji wangapi. Hoji watu 10 upate r ya 0.60, uhusiano ambao hata kwa macho unauona, hupewi nyota hata moja, p inakwama 0.067. Hoji watu 10,000 upate 0.02, kitu ambacho hata ukiazima miwani ya babu hukioni, SPSS inakubandikia nyota yako na unatembea kifua mbele. Kwa watu 384, chochote kikishavuka 0.10 tu tayari kina nyota. Kwa hiyo mtu akiniambia "signifikanti", yaani imepata nyota, namjibu hongera kwa kuzunguka juani na madodoso, sasa niambie r ni ngapi. Na kwenye difensi za tasnifu nilizowahi kukaa, panel nzima macho kwenye nyota, hiyo r haiulizwi, kama mchumba aliyekuja na mahari watu wanahesabu noti jina lake hawalijui.

Hilo la "huongeza" sitaki hata kulianza. Bibi yangu alitunyima maembe utoto mzima eti yanaleta homa, na ukimfuatilia namba zake zilikuwa safi kabisa, maembe yakijaa sokoni homa nayo imejaa nyumbani. Vuli inanyesha, mbu wanazaliana, maembe nayo yanaiva kipindi hichohicho. Tuliteseka bure.

Haya, nakubali kidogo. 0.14 si lazima iwe takataka, kwenye dawa ya bei rahisi inayomezwa na mamilioni hata kauhusiano kadogo kanaokoa watu. Na "korelesheni si sababu", yaani vitu kuendana si kwamba kimoja kinaleta kingine, nayo ukiigeuza rungu unaumbuka, mwanatakwimu Ronald Fisher mwenyewe, ambaye haya mambo ya signifikanti tunayo kwa sehemu kubwa kwa sababu yake, aliwabishia wenzake kuhusu sigara na saratani ya mapafu, akadai labda ni kitu cha kurithi, huku na yeye ni mvuta kiko. Alikosea. Ila mdogo wangu si Fisher.

Kilichoniuma zaidi, hajawahi kuziona data zake kwa macho. Hata mara moja! r inajua mstari ulionyooka tu, chukua chumvi na utamu wa mchuzi, inapanda inapanda halafu inashuka, r inaweza kukwambia sifuri na wewe ukaandika chumvi haihusiani na mchuzi. Mwanatakwimu Anscombe alilionyesha hili tangu 1973, seti nne za data, zote r yake ni kama 0.816, ukizichora moja imenyooka kiasi, moja ni upinde, moja ina kitone kimoja kimechepuka, na moja kitone kimoja ndo kinabeba kila kitu.

Nikamwelekeza, tukachora pamoja kwa simu mpaka saa saba usiku, vitone vimetapakaa kama mchele uliomwagika, akanyamaza, akasema "aah, dada, kumbe ndo hivi." Sentensi akaifuta. Jana kanitext, supavaiza kasema grafu ya vitone itolewe inajaza kurasa, jedwali lenye nyota libaki.