Nilichora miti, fundi akachimba mabwawa

Basi bwana, nilipata kazi ya kuchora bustani ya mama mmoja hivi Goba, uwanja umeinama kidogo, anataka mwembe mmoja, michungwa minne, njia ya kutembea na kivuli cha kukaa jioni. Nikachora mchoro wa juu, skeli 1:100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja pale chini. Sasa kwenye hizi kazi zetu mti ukichorwa kutoka juu ni duara, na duara lenyewe ni upana wa matawi mti ukishakua, shina ni kile kidoti cha katikati. Mwembe nikaupa mita 6, michungwa mita 3 kila mmoja, nikapaka na rangi ya maji, nikajiona mtu kweli. Mchoro wa kukata kwa ubavu, ule wa kuonyesha shimo lina upana gani na linashuka wapi, huo niliuruka maana nilikuwa na usingizi.

Nikamwachia fundi karatasi, nikasafiri siku tatu.

Siku ya kwanza kanipigia. "Bosi, mashimo ni matano kama kwenye ramani?" Ndiyo. "Yaende chini kiasi gani?" Nikamwambia sentimita 60 zinatosha. Kimya kidogo, halafu, "Na upana ni huuhuu wa kwenye mchoro?" Mimi nipo kwenye basi, kelele, nikamjibu kwa ukali kabisa, fundi fuata mchoro, usiongeze usipunguze!

Hakuongeza wala hakupunguza.

Narudi siku ya nne asubuhi, usiku mvua ilipiga haswa. Nafungua geti nakuta mabwawa matano, duara safi kama yamekatwa na kikombe, vyura wanaimba, na udongo umerundikwa hadi dirishani (baadaye nilipiga hesabu, ni kama mita za ujazo 34, vibarua wanne walikesha). Na katikati ya lile la mita 6, kwenye kidoti kilekile nilichochora, kamche ka mwembe kananifika gotini, majani mawili tu yamechungulia juu ya maji. Pembeni kuna kamba zimevutwa zigzagi, kumbe mistari yangu ya kontua, ile ya kuonyesha uwanja umeinama vipi, fundi kaona ni mitaro ya bomba.

Nikasema shikamoo mama, ikapita hewani. "Mwanangu, mimi nilikuomba bustani. Jirani ameshakuja kuniuliza vifaranga vya perege nanunua wapi."

Nikamgeukia fundi nimkaripie, wala hana wasiwasi, kaokota kijiti akachora kwenye tope: shina, matawi, maembe matatu, na ndege juu. "Bosi, mti ndo huu. Wewe ulituchorea kama uko kwenye ndege."

Nikakosa jibu. Mwingereza Humphry Repton, mchora bustani mwenzetu, alilijua hili tangu karne ya 18, wateja wake aliwapa picha ya rangi yenye kikaratasi cha kufunua, ukiacha kimefunikwa unaona shamba lilivyo sasa, ukifunua unaona litakavyokuwa, wala hakutegemea mtu akisie maduara. Mimi nilisoma habari zake chuoni, nikazifanyia na mtihani, halafu nikaenda kumpa fundi maduara matupu.

Vibarua wa kufukia nililipa mwenyewe. Yale manne ya michungwa tukayarudisha, tukaacha vishimo vya sentimita 60 kwa 60. Tulipofika kwa lile kubwa mama akasimama mlangoni na kanga yake, "Hilo liacheni." Kumbe wajukuu walikuwa wameshakuja, na jirani ameshaleta perege kwenye ndoo.

Mwembe tukauhamishia nyuma ya jiko. Jioni nikarekebisha mchoro, kazi haikufika hata dakika mbili: duara nimeliacha vilevile, nimefuta kidoti, nimeandika "bwawa".