Usilifute Salio Hasi la Mteja Kabla ya Kujua Limetoka Wapi

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ngamiani, hapa Tanga, ni kawaida mteja kuweka fedha dukani kidogo kidogo mpaka itimie bei ya mabati anayoyataka. Duka linapoanza kutumia programu ya uhasibu, mteja huyo hujitokeza kwenye orodha ya wadaiwa akiwa na alama ya kutoa mbele ya salio lake, na karani huamini kwamba programu imeharibika.

Kwa maoni yangu, mara nyingi programu inasema kweli. Mteja aliyeweka shilingi 400,000 bila kuchukua kitu ndiye anayelidai duka. Tuseme wateja wengine wanadaiwa jumla ya shilingi 5,400,000: ripoti itachanganya yote na kuonyesha wadaiwa wa shilingi 5,000,000, kiasi kinachopunguza madeni ya kukusanya na papo hapo kuficha mabati ambayo duka linapaswa kuyatoa. Mahali pa fedha hizo kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya duka, ni upande wa madeni ambayo duka lenyewe linadaiwa, zikiitwa amana za wateja.

Makosa halisi nayo yapo, na linalosumbua zaidi hutokana na malipo ya simu. Ujumbe wa malipo huja na jina lililosajiliwa kwenye laini, ilhali dukani mteja, tuseme mama mmoja, anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ankara imeandikwa hivyo hivyo. Karani, akidhani ni mtu mwingine, hufungua akaunti mpya na kuingiza stakabadhi humo. Mteja mmoja akawa wawili, huyu anadaiwa 185,000 na yule ana salio hasi la 185,000. Mama wa watu ameshalipa, na bado anapigiwa simu ya deni. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta kiasi hicho hicho kwa wateja wengine, kisha kuihamishia stakabadhi kwenye ankara yake.

Pasipopatikana kitu, itazamwe kama stakabadhi imeingizwa mara mbili, kama ankara ilisahauliwa, au kama salio la kuanzia liliandikwa kinyume wakati wa kuhama kutoka daftarini. Malipo ya tarehe 30 Desemba yenye ankara ya tarehe 2 Januari yataonekana hasi kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka, na ikiwa tarehe zote mbili ni sahihi, hakuna cha kurekebisha.

Nisichokubaliana nacho kabisa ni desturi ya kuandika ingizo la marekebisho ili salio liwe sifuri na ripoti ipendeze. Mteja atakapokuja na stakabadhi zake kudai mabati, leja haitakuwa na la kumjibu. Ningependa ruhusa ya maingizo hayo ibaki kwa mwenye duka peke yake, na karani anayeiomba aje na ankara na stakabadhi husika mkononi.