Msiyasingizie maharage

Tangu Jumapili nina donge kooni. Shangazi yangu anamuuguza mwanawe aliyepasuliwa kwa dharura, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Siku ya sita mshono ukaanza kutoa usaha. Muuguzi wa zamu akamuuliza wodi nzima ikisikia: "Mama, umemlisha maharage, eti?" Shangazi akainamisha kichwa. Alimlisha kweli, vijiko vinne, na daktari alikuwa ameruhusu kijana ale. Sasa anaamini maharage ndiyo yaliyoleta usaha, kwamba amemdhuru mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Kidole tumbo kikipasuka, usaha na vijidudu vya utumbo humwagika tumboni, na kisu cha daktari hakina pengine pa kupita ila humo humo. Kidonda kimeingiwa uchafu kabla uzi wa kwanza haujashonwa. Si kama ngiri iliyopangiwa siku, mtu akaja ameoga na tumbo lake halina usaha.

Na kijana wetu alikaa siku tatu na maumivu. Siku ya kwanza dawa ya minyoo kutoka duka la dawa. Siku ya pili zahanati, wakasema taifodi. Siku ya tatu rufaa, na gari la wagonjwa likangoja ndugu wachange mafuta. Tumbo linaoza, sisi tunahesabu noti za elfu mbili mbili! Kwa saa hizo zilizopotea, mbona hakuna aliyeulizwa mbele ya wodi?

Kuna utafiti wa nchi 66 uliochapishwa mwaka 2018. Waliopasuliwa matumbo katika nchi zenye maendeleo duni, asilimia 23.2 walipata maambukizi ya kidonda ndani ya siku 30. Kwenye nchi zilizoendelea, 9.4. Pengo hilo halikutoka kwenye sufuria ya mtu.

Yapo mengine yanayochangia kidonda kuambukizwa: kisukari, sigara, upungufu wa damu, upasuaji uliochukua saa nyingi, wembe unaokwaruza ngozi wakati wa kunyoa. Antibiotiki nayo inatakiwa iingie mwilini kabla ya kisu, ndani ya saa mbili. Kumjaza mgonjwa sindano wiki nzima baadaye hakufidii ile iliyosahaulika.

Halafu kuna glovu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2022, ulifanyika katika nchi saba, Rwanda ikiwemo. Timu zilizobadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo zilipata maambukizi asilimia 16.0, ambazo hazikubadilisha 18.9. Ni glovu tu na seti nyingine ya vifaa! Najua vifaa huisha, najua muuguzi mmoja hubeba wodi nzima usiku. Na sisi ndugu tuna yetu, nakubali: tunafunua bendeji kuchungulia, mikono hatujanawa.

Lakini maharage hapana. Nyama mpya ya kidonda hujengwa kwa protini, na mgonjwa akisharuhusiwa kula ndiyo anayoihitaji. Wagonjwa wangapi wamenyweshwa uji mtupu wiki tatu, wanakonda, mshono haufungi, kwa sababu waliogopeshwa maharage na mayai?

Jana usiku shangazi alinipigia, ananong'ona, kuuliza kama dagaa nazo ni marufuku. Nimemwambia ampikie, na asimpimie kwa vijiko.